Sufuri ya Wifi

Mimi ni mwongo, nalisema mapema tusisumbuane. Si mwongo wa kuvunja ndoa za watu, la. Wa kazini tu, wa "nimechelewa, mtoto ameamka na homa," na mtoto mwenyewe buheri wa afya.

Tunashona sare za shule, wanawake tisa na cherehani tisa, chumba kimoja chenye madirisha yasiyofunguka. Anayekaa kando yangu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Kazi nilimtafutia mimi. Fundi hasa! Ila akiona mshono umepinda kiasi cha unywele, anafumua. Anashona, anatazama, anafumua tena. Kuna kola aliyoifumua mara nne mpaka kitambaa kikaanza kuchanika, naye anajisemea chinichini, "Sifai. Mimi kweli sifai."

"Wifi," nikamwambia, "hiyo itavaliwa na mtoto wa darasa la pili. Wiki haiishi keshaifutia makamasi."

Tukacheka wote. Yeye akaomba radhi, sijui kwa nani.

Sasa, Bosi alikuwa ameona kwenye kiwanda kimoja cheti kimetundikwa ukutani, "Mahali pa Kazi Penye Furaha," akakitamani. Basi akatuletea Mtaalamu wa mambo ya akili, suti safi na sauti ya kubembeleza. Mtaalamu akatueleza kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ina milango yake: mtu kujilaumu kwa kila jambo, kutaka kila kitu kiwe kamili, kulitafuna kosa moja siku nzima, kujiona si kitu mpaka asifiwe. Akatugawia fomu ya maswali ishirini, ndiyo au hapana, na kila ndiyo uitolee mfano. Kisha akafanya kosa ambalo hata mtoto asingelifanya.

"Atakayefikisha ndiyo kumi na tano," akasema, "atapumzishwa wiki mbili, na ataonana na daktari."

Wiki mbili! Na shule zinakaribia kufunguliwa, kazi imetufika shingoni! Mama Vifungo, mwenzetu ambaye hajajilaumu tangu azaliwe, alivuta kamasi na kuanza kuandika kwa uchungu. Waliokuwa wakicheka tangu asubuhi wakainamisha vichwa.

Mimi nikakwama. Fomu inauliza: kosa dogo hukaa kichwani mwako siku nyingi? Mimi? Makosa yangu huyasahau hata sijamaliza kuyafanya. Nikainua macho kutafuta mfano, nikamwona Wifi. Nikaandika: kola mara nne. Huomba radhi kwa yasiyokuhusu? Ndiyo, hata mlango ukijibamiza. Huona mambo hayatabadilika? Nikakumbuka juzi tukikunja sare, aliponiambia kwamba akiamka huona siku imeshaharibika kabla hajaikanyaga. Nikayaandika hayo neno kwa neno, na mwandiko ukatoka mzuri kweli.

Wifi mwenyewe alikuwa ameomba fomu ya pili kwa sababu wino ulimwagika, na ya tatu kwa sababu alama moja ilitoka nje ya kisanduku. Akanyoosha mkono. "Samahani, jibu sahihi ni lipi?"

"Hakuna jibu sahihi, mama," Mtaalamu akacheka.

Wifi akapauka. Nikamchungulia: hapana, hapana, hapana, zote ishirini, zimenyooka mstari mmoja.

"Mbona hivyo?" nikamnong'oneza.

"Wataona nina kasoro. Na aliyenileta hapa ni wewe. Nikuaibishe?"

Matokeo yakatoka. Wanane tunaumwa. Mimi nikaongoza kwa kumi na tisa. Mtaalamu alinishika mkono, machozi yanamlengalenga. "Umebeba mengi, mama," akasema. Wifi alipata sufuri. Bosi akaamuru apigiwe makofi, akamwita mfano wa kuigwa, akamkabidhi sare za watu tisa.

Siku ya nne ya likizo yangu kaka akanipigia simu. "Dada, wifi yako hali chakula. Anasema hajamaliza kazi."

Nikaenda karakana mchana uleule. Cherehani nane zimefunikwa. Wifi amekaa na kola mkononi, anafumua. Kando yake hakuna sare hata moja iliyokamilika.

"Nilizishona," akasema. "Hazikuwa sawa."

Macho yake yalikuwa makavu. Niliogopa, tena nikajichukia vibaya mno.

Mtaalamu alikuwepo ofisini, yeye na Bosi wanatundika cheti. "Fomu yangu si yangu," nikamwambia. "Ni ya wifi yangu."

Akanitazama kwa huruma. "Kuukana ugonjwa, mama, nako ni dalili."

"Dalili kitu gani! Njoo na hilo faili!" Nikamvuta kwa mkono wa suti hadi kwenye cherehani. "Soma!"

Akasoma. Kola mara nne. Mlango ukijibamiza. Siku imeharibika kabla sijaikanyaga. Wifi akaacha kufumua.

"Nani amekuambia haya?" akamuuliza Mtaalamu.

"Ni wewe uliyeniambia, wifi," nikasema. "Nilikusikia vizuri kabisa. Nikakutumia kupata likizo."

Nikangoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Samahani, wifi," akasema. "Nimekuharibia likizo yako."

Nikaitoa kola mkononi mwake. Miadi ya daktari ilikuwa siku hiyohiyo, saa tisa, kwa jina langu. Tukaenda wote wawili, nimemshika mkono njia nzima. Nesi akafungua mlango, akaliita jina langu. Wifi akanisogezea njia nipite.

"Ingia," nikamwambia.

"Si mimi niliyeitwa."

"Ni wewe. Majibu yote ni yako."