Jumatano Iliyofutwa Siakago

Beth Wawira alikuwa na miaka thelathini na tisa alipoamua kurudia mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne. Alikuwa karani wa chama cha wakulima wa ndengu hapo Siakago, na kwa miaka sita alikuwa amekalia kiti cha katibu kwa muda tu. Kamati ilimpenda, lakini katiba ya chama ilitaka katibu aliyepita Kiingereza, na cheti chake cha zamani kilisema hakupita.

Sarufi haikumsumbua. Kilichomshinda ni insha ya kushawishi, kwa sababu Beth alikuwa mtu wa kukubaliana na kila mtu. Aliandika kwamba upande huu una ukweli wake na ule pia una wake, kisha akamtakia msomaji siku njema.

Akamtafuta Mwalimu Gitari, mstaafu wa Gachoka, aliyekuja kila Jumamosi amevaa koti na tai hata jua likichoma vipi. Gitari alisoma insha zake nne, akavua miwani.

"Madam, kuwaambia watu wanywe maji safi si kushawishi. Hilo ni tangazo la zahanati. Nitakupa neno ambalo hakuna mwenye akili timamu atalikubali. Ukiliweza hilo, mtihani utakuwa mteremko."

Akaandika kwenye daftari: *Jumatano ifutwe.*

Siku tatu Beth alilikodolea macho daftari hilo asiandike kitu. Ya nne ikamjia hasira, na hasira ikaleta hoja. Jumatano, aliandika, inajiita ya tano ilhali kazini ni ya tatu. Kwa Kiingereza imeficha herufi *d* ambayo hakuna mdomo unaoitamka, na siku inayoficha herufi itashindwaje kuficha mengine? Haianzi wiki wala haiimalizi. Hakuna aliyewahi kuoa Jumatano kwa hiari yake. Aliandika kurasa mbili bila kuinua kalamu, akajisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Alizipeleka kwa Ireri, mwenye duka la fotokopi karibu na soko, amtolee nakala ya mwalimu. Ireri alisoma mashine ikipata moto. Akaizima.

"Mama Purity, hii ni ya nini?" alimuuliza Beth, akimwita kwa jina la bintiye.

"Ya mtihani."

"Mtihani wa serikali?"

"Sasa kuna mwingine?"

Ireri akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe serikali imefikia hapo. Basi wameshaamua, wanatuzoesha tu."

Kabla ya saa sita alikuwa ametoa nakala arobaini na kusimama mlangoni akiwatafsiria watu kwa Kimbeere, aya kwa aya. Alipofika aya ya tatu, kwenye herufi iliyofichwa, fundi wa viatu aliweka nyundo chini.

Wiki iliyofuata, Jumanne ilipoisha, Siakago iliamkia Alhamisi. Na kwa kuwa kesho yake redio ilisema pia ni Alhamisi, watu wakakubaliana kwamba sasa kuna Alhamisi mbili, Ndogo na Kubwa. Kinyozi akaipaka rangi nyeupe Jumatano kwenye ratiba yake ukutani. Mchungaji akahamishia maombi ya katikati ya wiki kwenye Alhamisi Ndogo, na walioyahudhuria wakashuhudia kwamba yalikuwa na nguvu zaidi.

Beth alizunguka akiwasihi waache. Kwa kinyozi alipaza sauti, "Jamani, siku haifutwi kwa insha!"

"Hukusoma aya ya tatu?" kinyozi akamuuliza.

"Mimi ndiye niliyeiandika!"

"Basi rudi uisome pole pole."

Jumamosi alimkimbilia Mwalimu Gitari. Gitari alikuwa ameipa insha alama kumi na nane kwa ishirini. Mbili zilikwenda na mkato uliokaa vibaya.

"Mwalimu, tuandike ya kupinga. Tuwape waisome."

Gitari akafuta jasho shingoni. "Nilijaribu asubuhi yote," alisema kwa sauti ya chini. "Aya ya tatu haina jibu."

Mtihani ukawadia mwezi wa Novemba, na ulipangwa Jumatano. Watahiniwa wengine walikuwa wanafunzi wa bweni wa shule aliyopangiwa, hivyo walikuwa ndani tayari. Wasimamizi walikuwa wameingia na karatasi alfajiri, kabla bawabu wa mchana hajafika. Beth, mtahiniwa wa nje, alifika saa moja na nusu, akamkuta bawabu huyo, Mzee Munyi, amesimama langoni na funguo kiunoni.

"Nimekuja mtihani, mzee."

"Wa lini?"

"Wa leo. Jumatano."

Munyi akamtazama kwa huruma. "Mama Purity, leo ni Alhamisi Ndogo. Wewe mwenyewe ulitufungua macho."

Beth alieleza. Alionyesha barua ya mtihani yenye tarehe. Munyi alimjibu kila hoja kwa maneno yake mwenyewe Beth, kwa heshima kubwa, bila kuruka hata nukta. Ilipogonga saa mbili kasoro dakika kumi, Beth alihisi machozi yanakuja. Alikuwa ameshindwa na mtu aliyemjua vizuri mno: yeye mwenyewe.

Kisha jambo dogo likamjia.

"Mzee, off yako huwa siku gani?"

Munyi akainua mkono. Alihesabu kwa vidole. Alihesabu tena akianzia kidole kingine.

"Ilikuwa Jumatano," alisema hatimaye. "Wiki tano sijapumzika hata siku moja!"

Akafungua lango, akamkabidhi Beth funguo zote, akachukua chupa yake ya chai na kwenda nyumbani kulala.

Beth alikimbia hadi ukumbini, akaketi akihema, funguo mapajani. Swali la kushawishi liliwataka wamwombe mwalimu mkuu apande miti shuleni. Alilitazama dakika nzima kwa woga. Nani anakataa miti? Lakini mkono ulikuwa umeshazoea, na hoja zikaja kwa kasi kiasi kwamba alipofika ukurasa wa pili aliona msitu umefunika madarasa, na wanafunzi wakitafutwa ndani yake kwa tochi.

Akaweka kalamu chini. Akaiokota, akapiga mstari chini ya insha na kuandika kwa Kiingereza safi: *Ndugu mtahini, tafadhali toa alama peke yake. Usipande chochote.*

Kisha akainua mkono kuomba karatasi nyingine, kwa sababu alikuwa amekumbuka sababu mbili zaidi.