Kofia Mbili za Safari ya Lhasa

Mwaka ule pilipili ya ganzi, ile inayoufisha ulimi, ilizaa sana, hata vidole vya Lhaktso vikachubuka kwa miba ya miti yake. Labda ndiyo maana alichelewa kugundua kwamba baba yake anamficha jambo.

Mzee Namkha alianza kununua kofia. Alikwenda sokoni akarudi na kofia nzito ya sufu, ya kufunika masikio, wakati bonde letu la Gyalrong lote linatoka jasho na mahindi yanakauka juu ya mapaa. Aliijaribu, akajitazama kwenye tumbo la sufuria, akaificha. Siku chache baadaye akarudi na nyingine.

"Baba, ile ya kwanza ina nini?" Lhaktso aliuliza.

"Haina kitu."

"Na hii?"

"Kichwa changu, kofia zangu. Wewe chuma pilipili."

Siku hiyohiyo, wakinywa chai ya siagi, mzee akatangaza kwamba anakwenda Lhasa. Angeondoka mvua zikishakatika, majani yanapoanza kugeuka rangi, kabla baridi haijashuka.

"Na nani?" Lhaktso aliuliza.

"Peke yangu."

Alijibu upesi mno, kama mtu aliyelikariri jibu njiani. Lhaktso alimtazama mumewe, Gonpo, naye Gonpo akainamia bakuli lake la unga wa shayiri, mabega yanamtikisika kwa cheko.

Mzee alipotoka, Gonpo alifungua mdomo. "Mke wangu, baba ana mtu."

"Usinitukanie baba."

"Simtukani, namsifu. Mzee wa miaka sabini na ushei, ngazi ya nyumba yake tu inamtoa pumzi, leo anataka kwenda mji uliokaa juu kuliko mawingu yetu. Peke yake? Na vikombe viwili ndani ya mfuko? Kwa nini kila kitu anakinunua kwa jozi?"

Lhaktso alikuwa ameviona vikombe. Alikuwa ameona pia mafungu mawili ya ule mzizi mwekundu ambao watu huuchemsha na kuunywa kabla ya kupanda nchi za juu. Na kila asubuhi mzee alikuwa akipanda mlimani mpaka kwenye bendera za sala ili kuyazoeza mapafu yake, kisha hateremki moja kwa moja nyumbani. Anapitia darajani, penye mgahawa wa tambi wa Yangkyi. Akirudi, chakula alichowekewa hakigusi.

Yangkyi alikuwa mjane wa umri wa kati, mwenye ulimi mkali na mashavu mekundu. Nyumba ya mzee Namkha ilikuwa na mnara wa mawe wa mababu, mitufaa, na maji ya mfereji. Lhaktso aliyapanga hayo mawili pamoja kichwani, na usingizi ukaanza kumpaa.

Kilichomvunja kabisa kilikuwa marijani. Mama yake, Drolkar, alifariki miaka mitatu nyuma, akaacha kipande cha kamba ya marijani nyekundu nene, za kupamba kichwa. Lhaktso alikwenda kuzitoa sandukuni azivae kwenye sherehe ya mavuno. Alikuta kitambaa kitupu, kimekunjwa vizuri, kama kilivyokuwa.

Hakumwuliza baba yake. Alishuka darajani, bado ana kikapu cha pilipili mgongoni.

"Dada Yangkyi, nipe kilicho cha mama yangu."

Yangkyi alikuwa anakata tambi. "Nikupe nini? Bakuli?"

"Usinichezee. Baba yangu anakula hapa kila mchana. Wewe ndiye unayekwenda naye Lhasa."

Yangkyi aliweka kisu chini. Alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Weee, Lhaktso! Baba yako? Yule anayekoroma akiwa macho? Mimi mume mmoja nimeshamzika, huyo wa pili wa nini, nimzike naye?"

"Basi anakuja kwa nani?"

Kicheko kikakatika. Yangkyi alichungulia mlangoni. "Niliapa kwamba sitasema."

"Unaona!"

"Niliapa sitasema. Lakini sikuapa kukufukuza jikoni kwangu. Tua kikapu. Vitunguu vile pale, menya. Na ukisikia watu wanaongea, masikio ni yako."

Lhaktso alikaa nyuma ya pazia la jikoni, akamenya vitunguu kwa hasira. Jua lilipofika katikati, baba yake akaingia na kuketi meza ya pembeni. Halafu akaingia mtu wa pili, akaketi mbele yake, na Lhaktso nusura ajikate kidole.

Alikuwa Sanggye, mume wa mama yake mdogo, Sangmo.

Katika bonde letu hata watoto walijua kwamba Namkha na Sanggye hawazungumzi. Walikuwa wanyumba, wameoa ndugu wawili wa tumbo moja, lakini mwaka mmoja wa ukame waligombania maji ya mfereji. Sanggye aliziba kwa mawe, Namkha akabomoa, majembe yakainuliwa, na Sanggye akabaki na kovu juu ya jicho. Tangu hapo kila mmoja alimkataza mkewe kukanyaga kwa mwenzake. Drolkar na Sangmo walikutana kwenye kinu cha maji tu, wakisaga shayiri polepole ili isiishe. Drolkar alitangulia kufa. Sangmo alimfuata masika ya mwaka uleule.

Na sasa wale wazee wawili walikuwa wanakula bakuli moja la mboga za siki.

"Kwenye treni mimi nalala kitanda cha chini," Sanggye alisema.

"Cha chini nimekitaja mimi kwanza."

"Ili nianguke kutoka juu, halafu useme ni ajali."

"Ukianguka, kofia niliyokununulia itavaliwa na nani?"

"Hiyo kofia inaniwasha. Umeipaka pilipili?"

"Kichwa chako ndicho kinachowasha. Oga."

"Mzizi wako nao niliuchemsha, nikampa kwanza jogoo."

"Amekufa?"

"Anawika mpaka usiku."

Wakala. Kisha Sanggye akasema kwa sauti ya chini, "Umezileta?"

Namkha alitoa kifuko kifuani, akazimwaga marijani mezani. Sanggye alichukua moja, akaigeuza penye mwanga wa dirisha, akaitia mdomoni na kuiuma.

"Unafanya nini, wewe mzee?"

"Siku hizi za plastiki ni nyingi."

Hapo Lhaktso alitoka nyuma ya pazia, kisu cha vitunguu mkononi, macho yakimtiririka machozi. Sanggye aliinuka, akarudi nyuma mpaka ukutani. "Nilijua! Nilijua ameniitia watu!"

"Sikumwita mimi!" Namkha alisema. "Yangkyi, ulituapia!"

"Nimevunja kiapo gani?" Yangkyi alijibu kutoka jikoni. "Mimi nimepata wa kunimenyea vitunguu."

"Baba," Lhaktso alisema, "kati ya watu wote wa bonde hili, unampa huyu marijani za mama?"

"Simpi. Kaa chini, mwanangu."

"Sikai."

Sanggye ndiye aliyeongea, uso ameugeuzia ukutani. "Mama yako mdogo siku zake za mwisho hakuniomba dawa. Aliniambia kamba ile ilikuwa moja, ya mama yao. Waligawana walipoolewa. Tangu usichana walikubaliana watakwenda Lhasa wote wawili, waipeleke ikiwa nzima kwa Jowo, ile sanamu ya Buddha hekaluni. Alitaka hilo tu. Nikamwambia nusu iko kwa yule... kwa yule. Akasema, basi mwendee."

"Alinijia shambani," Namkha alisema. "Nilipomwona niliokota jembe."

"Ni kweli, aliliokota."

Lhaktso aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mama alikaa ukumbini majira mazima ya baridi akitazama moshi wa nyumba ya mdogo wake. Akiuona anasema, Sangmo amewasha moto, basi mzima. Nyumba ile hapo, ng'ambo ya mto! Haya mnayoyafanya leo, mngeyafanya wakiwa hai mngepungukiwa nini?"

Namkha alianza kuzikusanya marijani mezani, moja moja.

Lhaktso alijifuta uso kwa kiganja, na pilipili ya vidoleni ikamwingia jichoni, akalaani. "Nakwenda nanyi," alisema. "Na marijani nitazibeba mimi."

"Wewe ni wa nyumba yake," Sanggye alisema. "Nikuamini kwa nini?"

"Usiniamini, baba mdogo. Nami sikuamini. Tutakwenda hivyohivyo."

Yangkyi ndiye aliyezitunga marijani za pande mbili kwenye uzi mmoja, mbele ya macho yao wote, na mafundo akayachoma kwa moto ili yasifunguke.

Maandalizi yaliyofuata yalikuwa ya shari tupu. Kwa daktari wa mjini kila mzee alitaka mwenzake apimwe kwanza. Daktari alisema Sanggye ana presha na Namkha ana mapafu ya moshi wa kuni. Akawaambia wasipande kwa pupa, walale kwanza mji wa Xining, njiani, wazoee, wasinywe pombe wala wasioge siku ya kwanza. Sanggye alivificha vidonge vyake ndani ya soksi. Kibali cha safari kilipochelewa, Namkha aliapa kwamba Sanggye amekwenda kuchongea. Kilipotoka, Sanggye akauliza kwa nini kimetoka upesi hivyo.

Gonpo aliachiwa mitufaa. "Ukirudi na maiti moja," alimnong'oneza mkewe, "hakikisha si ya baba." Lhaktso hakucheka. Hilo hasa ndilo lililokuwa likimla moyo. Alikuwa ameliona lile kovu, na alijua kwamba mtu anaweza kusubiri kisasi kwa muda mrefu.

Lhasa iliwapokea kwa mbingu safi na jua kali lisilopasha joto. Mashambani walikuwa wanavuna shayiri, na miti ya mipopla kando ya mto ilikuwa imeanza kupata manjano kwenye ncha. Sanggye alishuka kwenye treni ana nguvu kama kijana. Namkha alishuka amekuwa rangi ya majivu.

Waliingia kwenye nyumba ya wageni karibu na njia ya mahujaji. Asubuhi iliyofuata kichwa cha Namkha kilikuwa kinapasuka, kila alichokunywa akakitapika, na maneno yake yakaanza kupotea njia. Alimwita Lhaktso kwa jina la mama yake.

"Kalete daktari," Sanggye alisema. "Mimi nitakaa naye."

Lhaktso alisimama mlangoni. Huyu ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye angependa kumwachia baba yake. Lakini mwingine hakuwepo. Alishuka ngazi, naye hewa ya mji ule ikamkaba, akawa kila hatua chache anashika ukuta. Aliuliza, akaelekezwa vibaya, akarudi, akapata muuza dawa aliyempa mkebe wa oksijeni. Aliporudi chumbani, kitanda kilikuwa kitupu. Blanketi chini. Hakuna baba, hakuna Sanggye, hakuna hata viatu.

Mwenye nyumba alisema hakuona mtu. Lhaktso alitoka mbio barabarani, amezishika marijani kifuani, katikati ya mahujaji wenye magurudumu yao ya sala, akiita. Mwanamke mmoja mwenye kuuza siagi alimwonyesha kwa kidevu. "Wazee wawili? Mmoja mgongoni kwa mwingine? Wamepita huku."

Aliwakuta kwenye zahanati kwenye kona. Namkha alikuwa amelazwa ndani, bomba la oksijeni puani, macho yamefumbuka. Sanggye alikuwa ameketi kizingitini, midomo ya bluu, kofia ya sufu imemwangukia jichoni, anahema kama mvukuto wa mhunzi. Muuguzi alikuwa anambembeleza ampime, naye anamfukuza kwa mkono.

"Ulichelewa," alimwambia Lhaktso alipoweza kusema. "Akaanza kutoa mlio kifuani."

"Umembeba wewe? Na presha yako?"

"Usinitazame hivyo. Akifia huku, bonde zima litasema nimemuua. Nitaishi na nani mimi?"

Lhaktso alichuchumaa mbele yake. Akaivua ile kofia, akamfuta jasho kwa ukingo wa mkono wake, akamwambia, "Baba mdogo, mwache muuguzi akupime."

Akakubali.

Namkha alipopata nafuu walikwenda hekaluni, polepole, Lhaktso katikati. Walisimama kwenye mstari mrefu, harufu ya siagi ya taa imejaa puani. Walipofika mbele ya Jowo, Lhaktso alitoa marijani. Wazee wakanyoosha mikono yote miwili kwa pamoja, wakagongana, wakatazamana kwa jicho baya, na mtawa akawaambia wengine wanasubiri. Mwishowe walizishika wote, kila mmoja upande wake, wakazitoa. Lhaktso aliwataja mama yake na mama yake mdogo kwa majina, kimoyomoyo. Alitegemea kwamba moyo utakuwa mwepesi. Haukuwa mwepesi hivyo. Lakini ulitulia kidogo.

Walirudi bondeni matufaa ya mwisho yanachumwa. Darajani Sanggye angekata kushoto kwenda kwake. Alisimama, akatazama nyumba yake isiyo na moshi.

"Kuna chai kwetu," Lhaktso alisema. "Siagi ni mpya."

"Nani aliyeitengeneza?"

"Gonpo."

"Huyo simjui vizuri," Sanggye alisema, lakini akafuata.

Kwenye nyumba zetu za mawe mtu hupanda ghorofani kwa gogo lililochongwa vidato. Namkha alitangulia, akihema, akatoweka juu. Sanggye alibaki chini. Aliushika ule mti, akautikisa, akakanyaga kidato cha kwanza kwa mguu mmoja, akakibonyeza, akasikiliza.

Lhaktso alikwenda akaushika mti kwa mikono yote miwili, akaukaza ukutani.

"Panda, baba mdogo," alisema. "Nimeshika."

Sanggye aliacha kuutikisa mti. Kisha akapanda.