Lita Tatu za Upepo

Pyo Hae-rim alikuwa na miaka thelathini na mmoja, magoti mawili yaliyokwisha kupasuliwa, na kabati la medali za fedha na shaba ambalo mama yake alilifuta vumbi kila Jumapili. Dhahabu hakuwa nayo hata moja. Alikwisha kumtangazia kila mtu, kuanzia mama yake mpaka wauza samaki wakavu wa kule milimani Daegwallyeong, kwamba mashindano ya taifa ya baridi hii ndiyo ya mwisho, na kwamba akivua viatu vya barafu, vile vyenye visu chini ya soli, safari hii havivai tena. Kwa hiyo ilikuwa dhahabu sasa au basi.

Tegemeo lake lote lilikuwa mbio za timu, maana peke yake hakuwa tena na mwendo wa kumtisha mtu. Ni wakimbiaji watatu, mizunguko sita, na saa haisimami mpaka wa mwisho kati ya hao watatu avuke mstari. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Wa mwisho wao alikuwa mtoto mmoja anaitwa Ma Gyu-ri, miaka kumi na tisa, mfupi, mwepesi, mchapakazi kweli kweli, na kila shindano, bila kukosa, mzunguko wa mwisho ulimkuta hoi. Wenzake wanafika, wanageuka kutazama, na mtoto bado yuko kwenye kona anatapatapa.

Sababu ilijulikana. Gyu-ri ndiye aliyekuwa mdogo wa timu, na mdogo wa timu ndiye anayepanga vijiko mezani, anayebeba mabegi, anayegeuza nyama jikoni wakati wakubwa wanapiga soga. Barafuni naye ndiye anayekaa mbele muda mrefu kuliko wote, apigwe na upepo yeye ili dada zake wapumue nyuma ya mgongo wake. Hae-rim mwenyewe alipigwa na upepo huo miaka saba, akiwakinga madada ambao siku hizi wana vitambi na watoto wa shule. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuiuliza maswali. Ilikuwa adabu tu, na sisi watu wa mkoa wa Gangwon kwa adabu hatuna mchezo.

Basi mwanzoni mwa majira akaja Kocha Tak. Ujanani alikuwa mkimbiaji wa barafu, halafu akafundisha fizikia sekondari huko Wonju miaka mingi, na bado alikuwa na kile kitabia cha kutazama watu juu ya miwani kana kwamba hawajaleta kazi ya nyumbani. Alitazama video za mbio zao zote. Kisha akauliza swali moja.

"Hae-rim, kimo chako?"

"Sentimita mia na sabini na nne, Kocha."

"Na Gyu-ri?"

"Mia na hamsini na sita, Kocha," akajibu mtoto, macho chini.

"Sasa hebu niambieni. Kabati linajifichaje nyuma ya kigoda?"

Wi Eun-sol, ambaye alikuwa wa kati kwa umri na wa kwanza kwa maneno, alicheka mpaka chai ya shayiri ikamtoka puani. Hae-rim hakucheka. Kuitwa kabati mbele ya watoto, jamani!

Kesho yake kocha akawakusanya chumba cha mazoezi. Akatundika kamba kwenye gurudumu dogo la ukutani, akamfunga Hae-rim kiunoni, akamwambia ainame vile anavyoinama akiwa mbioni. Halafu akageukia ubao.

"Hewa si kitu kitupu," akasema. "Mita moja ya ujazo ni kilo moja na robo na ushee. Mnaipasua kwa mwendo wa mita kumi na tatu kwa sekunde. Chukua uzito huo wa hewa, zidisha kwa mwendo, halafu zidisha kwa mwendo tena. Gawa kwa mbili. Zidisha kwa upana wa mwili unaoigonga hewa, na kwa namba ya umbo, kwa sababu yai linapita vizuri kuliko mlango, na nyie mkiinama mko katikati ya yai na mlango."

"Dada Hae-rim yuko karibu na mlango," Eun-sol akanong'ona.

"Nimekusikia," Hae-rim akasema, kichwa chini.

Kocha akapiga mstari chini ya jibu. "Niutoni ishirini na tisa. Hiyo ndiyo kani ya ukinzani wa hewa, nayo inakuvuta nyuma kila dakika uliyo mbele. Ni sawa na hii." Akaining'iniza chupa ya maji ya lita mbili upande wa pili wa kamba, akaongeza ya lita moja.

Kamba ikakaza. Hae-rim akahisi kiuno kinavutwa, mapaja yakaanza kufanya kazi hapo hapo, na mwili wake ukautambua mzigo ule. Ndio ule ule! Miaka yote alikuwa akishindana nao bila kujua uzito wake.

"Sasa tazama." Kocha akaondoa chupa ya lita moja. "Hapo uko nyuma ya mtu wa kimo chako. Amekwisha kuipasua hewa, wewe unapita kwenye tundu lake. Lakini ukiwa nyuma ya Gyu-ri?" Akamwaga maji kidogo kutoka chupa ile, akairudisha kambani. "Mabega yako yako nje. Mtoto anakufa mbele, na wewe nyuma hupumziki. Mnapoteza mara mbili."



"Kwa hiyo mbele akae nani?" Eun-sol akauliza, ingawa alikwisha kuona kocha anamtazama nani.

"Hae-rim. Mizunguko yote sita. Hakuna kubadilishana."

Hae-rim akasimama wima, chupa zikagonga ukuta. "Kocha, niwie radhi, lakini hapana! Nimekinga watu miaka saba mimi. Nimebeba mabegi yao, nimewapangia vijiko vyao. Leo mwaka wangu wa mwisho ndiyo nirudishwe kuwa mdogo wa timu?"

"Nani kasema utabeba peke yako?" kocha akasema taratibu. "Kila mkibadilishana, wa mbele anatoka nje ya njia, anapunguza mwendo, anarudi nyuma. Mnachezea sekunde. Mimi nasema msibadilishane. Wa nyuma wana nguvu zilizobaki, si ndiyo? Wazipeleke mbele kwa mikono. Gyu-ri akusukume wewe, Eun-sol amsukume Gyu-ri. Mzigo mmoja, watu watatu."

"Anisukume wapi?"

Kocha akavua miwani, akaifuta kwa fulana, akaivaa tena. "Kiunoni," akasema. "Chini kidogo ya kiuno."

"Makalioni?"

"Fizikia inapaita mahali pa kufaa."

Eun-sol alikuwa amejilaza sakafuni kwa kicheko. Gyu-ri amekuwa mwekundu kama pilipili. Hae-rim akafungua kamba, akabeba begi lake mwenyewe, akatoka bila kuaga.

Alinuna siku nzima. Jioni akaenda kumchukua mama yake sokoni, na walipoingia barabara kuu akashusha kioo cha dirisha, akatoa mkono nje. Gari lilikuwa kwenye hamsini. Upepo ukamsukuma kiganja kidogo, kama mtoto anayeomba kubebwa. Akakanyaga mafuta mpaka mia. Mkono ukarushwa nyuma karibu utoke begani.

"We mwendawazimu!" mama yake akapiga kelele, kofia imeshikwa kwa mikono yote miwili. "Funga dirisha! Unataka kuniua kwa baridi?"

"Mama, ngoja kidogo. Mwendo nimezidisha mara mbili tu."

"Na mimi umenizidishia mafua!"

Mwendo mara mbili, upepo mara nne. Mwendo kwa mwendo. Hae-rim alipandisha kioo. Kiganja kilikuwa kinamuwasha, chekundu, na akakumbuka namna Gyu-ri alivyokuwa akivua kofia kila baada ya mbio, mashavu yakiwa na rangi ile ile, halafu anainama na kusema, Dada, nisamehe, nimewaangusha. Misimu miwili alikuwa amepokea samahani za mtoto yule na hata siku moja hakumwambia asante. Aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamchoma. Mtoto alikuwa hawaangushi. Walikuwa wanamuua wao.

Asubuhi akamwendea kocha. "Nakaa mbele," akasema. "Na Kocha, mimi si kabati."

"Samahani. Jokofu," kocha akasema, na kwa mara ya kwanza wakacheka pamoja.

Lakini hesabu kuwa sahihi ni jambo moja, na mikono ya Gyu-ri ni jambo lingine kabisa. Mtoto alilelewa vizuri mno. Kila akifika kwenye kiuno cha mkubwa wake aligusa kwa ncha za vidole, na kila akigusa alisema, "Samahani, Dada." Mizunguko sita, samahani sita kila mzunguko.

"Unanisukuma au unanipangusa vumbi?" Hae-rim alifoka.

"Samahani, Dada."

"Acha samahani! Nisukume kama mlango wa choo uliokwama na wewe una haraka!"

"Ndiyo, Dada. Samahani, Dada."

Kocha aliangalia saa yake na kutikisa kichwa. Walikuwa wamepata nusu ya kile ambacho ubao uliwaahidi. "Hesabu iko sawa," akamwambia Hae-rim pembeni. "Mikono ndiyo ina adabu kupita kiasi." Akajaribu kila kitu. Wakamfanya mtoto asukume ukuta, asukume gari la kocha, amsukume Eun-sol ambaye alimtukana kwa raha zote. Vyote alivisukuma vizuri. Akimfikia Hae-rim tu, vidole vinalegea.

Wakaenda Seoul hivyo hivyo, wakafika fainali hivyo hivyo. Wapinzani walikuwa timu ya jiji, mabingwa wa miaka minne mfululizo, wasichana warefu wenye nguo mpya zinazometameta, moto wa kuotea mbali. Timu mbili husimama pande mbili za uwanja, kila moja inaikimbiza nyingine. Hae-rim alipojipanga mbele kabisa, mashabiki wa jiji wakaanza kunyoosheana vidole. Mzee mzima kukaa mbele?

Bunduki ikalia.

Mizunguko miwili ya kwanza alijisikia vizuri. Wa tatu, wapinzani wakabadilishana wa mbele, na Hae-rim akamwona kwa jicho la pembeni, yule wa kwanza anapanda nje ya kona na kupoteza mwendo. Wao hawakubadilishana. Nyuma yake palikuwa na visu vya wenzake wawili vinakata barafu kwa mlio mmoja na vyake, na vidole vya Gyu-ri vikigusa, vikigusa, kwa heshima.

Mzunguko wa nne mapaja yakaanza kuwaka. Kocha, pembeni ya njia, alinyanyua ubao: wako nyuma kwa nusu sekunde. Wa tano ukamkuta pabaya. Mguu wa kushoto ulikuwa haumsikii. Zile chupa mbili zilikuwa kiunoni mwake, akazihisi kabisa, lita tatu za upepo zinamvuta arudi alikotoka, na mwili wote, kwa mazoea ya miaka kumi na mitano, ukataka kutoka nje ya kona na kumwachia mtoto. Ni kuinua bega tu. Mtoto angepita mbele bila kunung'unika, angekufa mzunguko wa mwisho, na Hae-rim angerudi nyumbani na fedha nyingine ya kufutwa vumbi.

Hakuinua bega. Lakini mwendo ulikuwa unakwisha, na machozi yalikuwa yameshaanza kwa hasira.

"Hae-rim!"

Nani huyo?

"Acha kuzubaa, Hae-rim! Kaza! KAZAAA!"

Na mikono miwili ikamtwanga chini ya kiuno, viganja vizima, kwa nguvu zote za mtoto aliyekuwa amekingwa mizunguko mitano na ana mapafu mazima. Nyuma zaidi Eun-sol naye akatia zake, huku anapiga ukelele usioandikika. Ilikuwa kana kwamba mtu amekata kamba. Mzigo ukaruka. Hae-rim hakuwahi katika maisha yake kukimbia hivyo mzunguko wa sita. Alikuwa anainama tu, anapiga miguu, na dunia inamsukuma.

"Kimbia! Kimbia, wee!"

Akakimbia. Wakavuka mstari wamebanana kama ni mtu mmoja mwenye miguu sita, na wa mwisho wao alikuwa karibu kiasi kwamba pua yake ilikuwa mgongoni mwa mwenzake. Upande wa pili mabingwa walivuka wawili, halafu, baada ya kitambo kidogo, wa tatu. Watu wote uwanjani wakageukia ubao wa saa. Sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ya Gangwon!

Hae-rim alikwenda kugonga magodoro ya ukutani, akateleza mpaka chini, akakaa kwenye barafu analia kwa sauti bila haya yoyote. Kocha Tak alikuwa anaruka ruka kule pembeni, miwani imeshadondoka na ameshaikanyaga. Eun-sol alikuwa amelala chali anaitukana dari kwa furaha.

Gyu-ri peke yake hakuwa anashangilia. Alikuja mbele ya Hae-rim, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Dada, nisamehe! Nilijisahau. Nimekuita jina. Nimekufokea, Dada, nimekupiga..."

"Umeniitaje?"

Mtoto akatazama barafu.

"Nimekuuliza. Umeniitaje kule kwenye kona?"

"Hae-rim," akasema kwa sauti ya mbu.

"Sikusikii."

"Hae-rim!"

"Tena!"

"HAE-RIM!"

"Eeh! Hapo sasa." Hae-rim akamvuta chini kwenye barafu, akamkumbatia kichwa na kofia yake. "Asante," akamwambia sikioni. "Ya leo na ya misimu yote miwili. Umenisikia? Asante."

Ndipo Gyu-ri naye akalia.

Usiku ule wakala nyama ya nguruwe, wakijichomea wenyewe kwenye jiko la mezani, mpaka mwenye mgahawa akaogopa. Medali ya dhahabu ya Hae-rim ilikuwa shingoni mwa mama yake, ambaye aliionyesha kila meza, hata za watu wasiojua barafu. Gyu-ri, kwa mazoea, akachukua koleo la kugeuzia nyama. Hae-rim akampokonya.

"Kaa."

"Lakini Dada, moshi wote unaelekea upande huo."

"Ndiyo maana nimekaa mimi."

Moshi ukampiga usoni, akakohoa, akageuza nyama kwa fujo kama mtu ambaye hajaishika kazi hiyo kwa miaka kumi. Gyu-ri alivumilia kidogo. Akavumilia tena. Halafu akanyoosha mkono, akamsukuma bega, kiganja kizima.

"Geuza upande wa pili, Hae-rim. Inaungua."