Chupa za Kinoti

Mwaka wa 1966, huko Wajir, Kinoti wa ofisi ya mifugo alipanga chupa kumi na mbili mezani, kila moja na sabuni yake, ili ajue ipi ingeshikanisha dawa ya mafuta na maji ya josho, birika la kuogeshea ng'ombe. Dawa ikijitenga, humchoma ng'ombe ngozi. Kazi ya kutikisa alimpa Tari, mjane aliyezoea kusukasuka maziwa kwenye kibuyu. Tari akatikisa, chupa zikawa nyeupe. Ya saba, yenye sabuni ya mche, ilishika siku mbili.

"Hii ndiyo," Kinoti akasema. "Ijumaa watu wako walete ng'ombe. Wakishaogeshwa watarudi nyumbani wote."

Chupa hiyo ikajitenga papo hapo, mafuta juu, maji chini. Kinoti akapima kwa rula, akaandika.

Tari aliona haya. Maji yalikuwa ya kisima chake, na chumvi huharibu sabuni. Akaomba radhi, akateka maji ya kisima cha kaka yake, Sharamo. Nayo yalishika vizuri, mpaka Kinoti aliporudia ahadi yake.

"Hata hii iko na chumvi, daktari," Tari akasema kwa unyonge.

Kwa kuwaogopa askari, Sharamo alikuwa ameficha ng'ombe wao wote porini na hakutaka kuwatoa. Tari akamsihi. "Huyu amekunywa maziwa yangu," alimwambia. Kwao, aliyekunywa maziwa yako hawezi kukudhuru. Sharamo akakubali shingo upande.

Ijumaa josho lilikuwa kavu kabisa. Askari walisubiri nyuma ya ua, wakaswaga ng'ombe wote, eti wenye ng'ombe wanawalisha shifta, waasi wa porini.

Jumatatu Tari akaja ofisini. Chupa moja nyeupe ilikuwa mezani.

"Ng'ombe yetu iko wapi, daktari?"

"Watarudi wiki ijayo, mama."

Chupa ikajitenga. Safari hii Tari hakuomba radhi. Aliitazama, kisha akamtazama Kinoti.

"Wewe ulijua."

"Barua ya kukamata ng'ombe ilikuja kabla sijakuita utikise," Kinoti akasema.

Chupa ikawa nyeupe tena, bila kuguswa na mtu.

Tari akaketi kizingitini, maana hakuwa na ng'ombe wa kurudia. Kinoti akatazama saa, akafungua daftari, akaandika kwamba mchanganyiko haukushika kwa sababu maji ya kisima cha Tari yana chumvi. Chupa ikajitenga. Akachukua rula, akapima.