Jiwe la Ashlow

Nilikuwa nimekichoka kijiji cha Ashlow. Kiko Uingereza, sijapata kutia mguu huko, lakini kila Jumapili Padri Whitlow alikisimulia mimbarini nami nikifasiri, mpaka waumini wa Changamwe wakakijua kuliko Mikindani ya jirani. Tulijua mnara ulijengwa na nani, kengele ilipasuka lini, na tauni ilibakisha nyumba ngapi. Watu wakipiga miayo, Padri alidhani wanastaajabu.

Mwaka ule wa 1946 nilikuwa na uchovu mwingine. Mwanangu Kalama aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, akafia vitani Burma, akazikwa huko huko. Mke wangu Mbeyu alitaka tumsimikie koma, kile kigogo ambacho sisi Wagiriama humchomekea marehemu nyumbani, roho yake ipate pa kutua. Padri akakataa katakata.

"Ukisimika kigogo, Gershom, hutasimama tena mimbarini na mimi."

Nikatii. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nilikuwa mzazi mwoga. Tangu hapo Mbeyu alinipakulia chakula bila kunitazama.

Jumapili moja Padri akafika mwisho wa historia yake. Katika vita vya kwanza vijana wa Ashlow walifia ng'ambo, haukurudi hata mfupa. Wanakijiji wakasimamisha jiwe mlangoni mwa kanisa, wakachonga majina yao, na kila mwaka huliwekea maua na kusimama kimya mbele yake.

Nikafasiri. Mbeyu akainuka katikati ya wanawake.

"Baba Kalama, hebu muulize Padri. Jiwe hilo si koma?"

Padri akaniuliza mama anasemaje. Ningeweza kumwambia anaulizia maua. Mkalimani hakosi nafasi kama hizo. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikamfasiria neno kwa neno.

Uso ukamwiva. Akaanza kuyataja majina ya jiweni. Arthur Pell. Nikarudia. Thomas Gooding. Nikarudia. La mwisho lilikuwa Edwin Whitlow, kaka yake mwenyewe. Nikarudia, kisha nikaongeza kwa sauti ile ile:

"Kalama wa Gershom."

Hilo halikuhitaji mkalimani. Padri alinitazama kitambo, akainamisha kichwa, akalitaja polepole kwa matamshi yake mabovu.

"Kalama wa Gershom."

Nyumbani Mbeyu alinipakulia wali, akanitazama usoni nikila. Shoka la kukatia kigogo alikuwa ameshalinoa.