Siku ya Kuita Mbwa Kalundu

Ildephonse, sekretere wa shefu wa kartie, yaani mkubwa wa mtaa, alipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa pale mwaloni Kalundu, akaweka kipaza sauti mdomoni, akatangaza jambo lililomfanya Ernestine aangushe beseni zima la ndagala mchangani. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu wakishamaliza kuzibua mitaro, mbwa wote wasio na mwenyewe watapewa nyama yenye sumu. Mwenye mbwa amlete uwanjani, amwite kwa jina mbele ya watu. Mbwa akiitika na kuja, ataandikwa kwenye daftari na kupigwa sindano ya kichaa. Asipokuja, basi hana mwenyewe.

"Ni vile shefu Gracien amesema," akamaliza, "na hakuna ya kuongeza."

Loo! Hakuna ya kuongeza kwa nani? Ernestine alikuwa nayo mengi, tena ya moto, ila alikuwa ameinama akiokota samaki.

Tuseme ukweli, maana uongo umeshakuwa chakula cha kila siku mjini humu. Mbwa wale hawakushuka kutoka mbinguni. Risasi zilipokaribia, Uvira yote ilimwagika barabarani na magodoro kichwani, wengine kwa miguu hadi mpakani Kavimvira, wengine kwa mitumbwi kuelekea Burundi. Mbwa wakabaki. Watu waliporudi baada ya miezi miwili waliwakuta mbavu nje, wakitembea makundi makundi kando ya ziwa, na badala ya kuwaita wakawatupia mawe. Eti mbwa hao walikula wafu. Haya, muulize anayesema hivyo: uliona kwa macho yako? Hapana, aliambiwa. Na aliyemwambia alikuwa wapi? Kambini Burundi, amepanga mstari wa unga pamoja naye! Lakini neno likishatoka limetoka, na kila mtu akaosha mikono. Mimi? Sina mbwa. Sijawahi kuwa na mbwa.

Katikati ya kundi hilo alikuwepo mbwa mwekundu mwenye kovu lililozunguka shingo yote, mahali ambapo manyoya yalikataa kuota. Jina lake Kapita. Zamani alikuwa akipita kati ya vichanja vya ndagala asubuhi hadi jioni, anafukuza kunguru, anakagua kazi ya wanawake kama msimamizi anayelipwa, na ndipo akapewa jina hilo. Alikuwa mbwa wa Ernestine. Na kovu lile Ernestine alilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni yeye aliyemfunga.

Alimfunga kwenye nguzo ya mlango kwa kamba ya wavu siku ile ya kukimbia, kwa kuwa mwenye mtumbwi alikataa mbwa, na nyumba ilihitaji mlinzi. Alimwachia sufuria ya ugali wa siku mbili. Nani alijua kwamba siku mbili zitakuwa miezi miwili? Aliporudi aliikuta kamba imetafunwa, sufuria imepinduka, na Kapita hayupo. Akaichoma ile kamba, akafunga mdomo. Hata Generose, waliyeanika naye ndagala kwa miaka tisa, hakuambiwa. Asante ya punda ni mateke, husema watu, na Ernestine alikuwa akijua sana punda ni nani.

Sasa Kapita alibakiwa na siku tano.

"Tunawachukua wote," alimwambia Generose mchana ule.

"Wote? Weye uko na akili kweli? Tutawalisha nini?"

"Vichwa vya samaki mikebuka yenye tunatupa kila asubuhi. Na muntu yeyote mwenye iko na mulango wa kulinda, tunamupa moja."

"Watu watatucheka, Ernestine."

"Wacheke! Meno ni yao."

Generose alitikisa kichwa, akamtukana kidogo kwa mapenzi, kisha akachukua ndoo. Wakazunguka. Walianzia kwa wabebaji wa bandarini, wakapanda hadi Kasenga kwa mafundi, wakasimama mlangoni pa kanisa watu wakitoka maombini. Wengine waliwafukuza. Mmoja aliwaambia waende wakafuge na fisi kabisa. Lakini Achille, mbebaji mwenye mabega kama kabati, alichukua jike mmoja bila kuuliza chochote, na hakutaka kuongea. Eliane, fundi cherehani, alichukua wawili na kuwashonea ukanda wa vitambaa vya kitenge.

Yalibaki majina. Sasa, mahali hapa jina la mbwa si mchezo. Ukiwa na neno la kumwambia jirani na adabu inakuzuia, unampa mbwa wako, halafu unamwita kwa sauti kubwa jirani akipita. Wiki ile Kalundu ilisema yote iliyokuwa imemeza. Generose alimwita wake Mutasema. Eliane akawaita Mutachoka na Niko-kwangu. Kulikuwa na Wivu-wa-nini, kulikuwa na Mungu-anaona, na ukipita kando ya ziwa jioni ungesikia watu wazima wakipaza sauti "Mutachoka! Kuja, Mutachoka!" huku wameshika kichwa cha samaki, na mbwa wanajifunza. Njaa ni mwalimu mkali. Kufika Alhamisi, Mutasema alikuwa akimfuata Generose hadi chooni.

Kapita hakujifunza kitu. Ernestine alimwita asubuhi, akamwita saa sita, akamwita jua likizama. Mbwa alisimama mbali akimtazama. Alikuwa anasikia vizuri kabisa. Ernestine akiweka samaki chini na kurudi nyuma hatua ishirini, atakuja, atakula, ataondoka. Akisogea hatua moja, meno nje. Mwenye kovu usidhani kapoa. Ijumaa jioni alikaa mchangani akalia kwa hasira, hasira yake mwenyewe juu yake mwenyewe, na hakuna wa kumlaumu.

Jumamosi ikafika. Mitaro ikazibuliwa, majembe yakaegemezwa ukutani, uwanja ukajaa. Shefu Gracien alikuja na viatu vilivyong'arishwa, miguuni pake beseni lililofunikwa kwa jani la mgomba, na kila mtu alijua ndani kuna nini. Lionel, mganga wa mifugo, alipanga sindano zake juu ya meza. Ildephonse akafungua daftari.

"Mutasema!" Generose akaita. Mbwa akaja mbio, mkia unazunguka. Watu wakapiga makofi. "Mutachoka!" Akaja. "Mungu-anaona!" Huyo naye akaja, na kicheko kikapita uwanjani, maana mwenyewe alimwita huku akimtazama shefu usoni. Mmoja baada ya mwingine, ishirini na kitu, hadi shefu akaanza kuvuta kola ya shati.

Hapo mbwa mweusi mzee, ambaye hakuna aliyemchukua wala kumpa jina, akatoka nyuma ya watu. Hakuitwa. Alivuka uwanja polepole kwa miguu yake mibovu, akapita beseni, akaenda moja kwa moja hadi kwa shefu Gracien, akalaza kichwa juu ya kiatu kinachong'aa.

"Fukuza hii kitu!" shefu akasema.

"Shefu, si ile yako yenye ilikuwa inalala ku mulango?" mtu akauliza.

"Minye sina mbwa!"

Mbwa alipiga mkia chini, pu, pu, pu. Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Shefu alisogeza mguu. Mbwa akasogea na mguu. Nyani haoni kundule, lakini siku ile wenzake walimwonyesha.

"Bado moja!" shefu akafoka. "Ile nyekundu. Nani mwenyewe?"

"Minye," Ernestine akasema, na akaita. "Kapita!"

Kapita alikuwa ukingoni mwa uwanja. Masikio yalisimama. Hakuja. Akaita tena. Hakuja. Generose akaweka mkono mdomoni.

"Sheria ni sheria," shefu akasema, akifurahi kupata pa kupumulia. "Haina mwenyewe."

"Ngoja, shefu. Yako imekuja bila kuitwa, na weye unaikana. Yangu ninaiita, haiji. Kati ya hizo mbwa mbili, ni gani yenye iko na kosa?" Hakungoja jibu. Akawageukia watu. "Muangalie ile kovu ku shingo. Ni minye nilimufunga. Na kamba ya wavu. Nikamwambia achunge nyumba, nikapanda mutumbwi. Alikata kamba na meno yake. Hajaluma muntu hata mumoja. Basi kama munatafuta wa kupewa sumu, minye niko hapa."

Hakuna aliyecheka sasa. Aibu ilipita usoni mwa watu, na kila mmoja akatazama chini, penye miguu yake.

"Hata minye nilifunga yangu," Achille akasema kutoka nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mwili ule. "Yangu haikukata kamba."

Mwanamke mmoja akaanza kulia. Mwingine akasema, na yeye pia alifunga. Na mwingine tena. Ernestine hakuwasubiri wamalize. Alivuka uwanja, akakaa chini kwenye vumbi, hatua tatu kutoka kwa Kapita, mgongo kwake na uso kwa shefu. Nyuma alisikia ngurumo ya kooni. Hakutikisika. Anaweza kumng'ata, sawa, amng'ate.

"Tupa nyama yako," akasema. "Ipite kwangu kwanza."

Generose akaenda akakaa kando yake, na Mutasema wake. Kisha Achille. Kisha Eliane na wale wake wawili, ameshika sketi isichafuke.

"Shefu," Ildephonse akauliza polepole, kalamu juu, "niandike ao hapana?"

Mkono wa shefu Gracien ulikuwa umeshateremka hadi kichwani pa mbwa mweusi, unamkuna nyuma ya sikio, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua.

"Andika," akasema.

Ildephonse akaandika. Mwenyewe: Ernestine. Mbwa: Kapita. Akafika kwenye mstari wa tatu, akasimama.

"Na hapa kwenye kuitika, mama? Niseme imekuja?"

Ernestine akageuza shingo. Kapita alikuwa palepale, meno nje, macho hayambanduki.

"Usiandike uongo. Haikukuja. Iko na hasira na minye, na ni haki yake," akasema. "Iandike na hasira yake."