Gauni la Mtunza Stoo

Hasira zangu ziko karibu, na mtunza stoo wa makao yetu ya wazee alijua kuzifikia. Tulimwita Bi Kufuli, kisogoni tu, maana usoni hata msimamizi mkuu alimwita mama. Mkono wa birika! Ukimwomba glavu za akiba, anakuuliza una mikono mingapi.

Nilimjua vizuri kikohozi kibaya kilipoingia wodi ya mwisho, ile ya wazee wasioweza kujigeuza kitandani. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, lori la vifaa halijulikani litafika lini, na wahudumu wakaanza kuficha barakoa kwenye soksi na sidiria. Kila mtu akajiwekea, kila mtu akapungukiwa. Bi Kufuli hakumfokea mtu. Aliingia chumba cha chai, akaweka beseni mezani, akatugeuzia mgongo na kuangalia nguo zilizoanikwa nje kana kwamba hajawahi kuona shuka. Alipogeuka, beseni limejaa barakoa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha akapangua kazi zetu. Zamani tuliingia wodini kwa chai, tukatoka, tukarudi kwa dawa, tukatoka, na kila kuingia gauni jipya la plastiki. Yeye akasema ukishavaa, lisha, ogesha, geuza, tandika, toa dawa, ndipo uvue. Asiye na kazi ndani haingii, awe nani. Ndugu wa wazee wakawa wanasalimia kupitia kioo cha dirisha. Tulinung'unika weee, lakini hakuna mhudumu aliyeingia mle bila kinga, na hakuna aliyeugua.

Sasa, ndani ya wodi hiyo alilala dada yake Bi Kufuli, wa tumbo moja, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Daktari alikuwa ameshamwambia ajiandae. Kila mchana Bi Kufuli alisimama nje ya dirisha akigonga kioo kwa ukucha, na dada mtu hana nguvu hata ya kugeuza shingo. Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikamfuata stoo na gauni nililokuwa nimetoka kupewa, nikaliweka mbele yake.

"Vaa wewe leo, mama. Ukamlishe dada yako."

Alilitazama.

"Nikimlisha mimi, nani atamgeuza? Ana kidonda mgongoni, na mimi kugeuza mgonjwa sijui. Itabidi na wewe uvae, na hilo la pili ni la mzee mwingine."

"Na akiondoka hajakuona?"

"Ataondoka akiwa msafi," akasema, akanirudishia gauni. "Nenda, chakula kinapoa."

Nilitoka nimekasirika, sijui kwa nani. Nilimwogesha yule bibi kama ninayemwogesha mama yangu mzazi, nikamwambia mdogo wake yuko hapo dirishani na hajambo.

Lori likaja asubuhi moja, matope mpaka kwenye vioo. Nilidhani Bi Kufuli atatimua mbio kwenda wodini. Wapi! Alifungua maboksi, akagawia wodi zote, akagawia dobi, hata mlinzi wa getini akapata barakoa yake. Mimi nasaga meno, maana nilikuwa nimemwacha bibi anavuta pumzi kwa shida. Kazi ilipokwisha, akachukua gauni moja, akaja nalo mpaka kwangu, akasimama.

"Linavaliwaje?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Miaka yote ile ya kugawa magauni, hakuwahi kuvaa hata moja. Nilimfunga kamba mgongoni, nikambana barakoa puani, nikamvisha miwani ya kinga, kisha glavu kidole kwa kidole. Nilimpenda mwanamke yule, na sioni haya kusema. Nami nikavaa, nikampeleka hadi kitandani.

Alimshika dada yake mkono. Bibi akafumbua macho, akayapitisha polepole kwenye barakoa, miwani, na plastiki yote ile.

"Wewe ni mhudumu yupi?"

"Ni mimi, dada. Mdogo wako. Nimekuja kukuona tu."

Bibi akamwangalia sana. Kisha akaanza kuhangaika na shuka, anajaribu kusogea ili mdogo wake apate pa kukaa. Hakuweza. Nikamsogeza mimi, na Bi Kufuli akakaa.